Ufa Haujiandiki Tarehe

Tetemeko likishatulia, mwenye jengo humwongoza mkaguzi moja kwa moja hadi kwenye ufa ulio juu ya mlango. Anataka kujua jambo moja tu: huu umekuja leo, au ulikuwepo? Mara nyingi hakuna wa kumjibu. Watu hupita chini ya ufa uleule miaka kumi bila kuuona, kisha ardhi ikitikisika nusu dakika kila mstari ukutani unaonekana mgeni. Wengine huhama jengo zima kwa sababu ya lipu iliyokauka vibaya. Wengine, na hao ndio wanaotutia hofu, hurudi kulala kando ya nguzo iliyopasuka kwa ndani kwa kuwa rangi ya nje bado inapendeza.

Madhara ya tetemeko ni tofauti ya hali mbili, ya kabla na ya baada. Asiyejua ya kabla hana cha kulinganisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kufuatilia majengo hufanyika siku tulivu, wakati hakuna anayeiona kuwa na maana, na ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua.

Jalada la siku tulivu

Anza na ramani ya jengo. Kila mstari wa nguzo upewe herufi upande mmoja na namba upande wa pili, ili nguzo iitwe B3 ya ghorofa ya pili na si "ile ya karibu na ngazi". Jina la aina hiyo hufa pale ngazi zinapokuwa mbili, na majengo mengi yana ngazi mbili. Herufi na namba hizo ziandikwe kwa rangi ndogo juu ya nguzo zenyewe, mahali pamoja kila ghorofa.

Kisha piga picha. Nguzo zote, pande zote zinazofikika, hasa sentimita 60 za juu na 60 za chini, maana huko ndiko nguvu za kupinda huwa kubwa na ndiko zege huanza kubanduka. Piga maungio ya bimu na nguzo, pembe za madirisha, kuta za lifti na za ngazi, na mahali ambapo majengo mawili yamepakana. Weka rula ndani ya picha. Picha ya ufa isiyo na kipimo pembeni haina thamani: ufa wa nusu milimita uliopigwa kwa karibu hutisha kuliko wa sentimita moja uliopigwa kwa mbali.

Pale ambapo dari au mbao za kupamba zimefunika maungio, chagua mapema machache ya kuweza kufunguliwa na uyawekee mlango mdogo wa skrubu. Siku ya tetemeko hakuna atakayeruhusiwa kuvunja dari kwa nyundo wakati mitikisiko midogo bado inaendelea. Na nakala ya jalada lote, pamoja na michoro ya ujenzi na ya mabadiliko yaliyofanywa baadaye, ikae nje ya jengo. Jambo hili linaonekana la kitoto hadi jengo lifungiwe, michoro ikiwa kwenye kabati la ghorofa ya nne.

Wakati huohuo andika kasoro za kuzaliwa nazo. Ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa maegesho au maduka, huku za juu zimejaa kuta, italainika kuliko zote na kuyumba peke yake. Ukuta wa matofali uliojengwa nusu tu kati ya nguzo mbili ili kuacha dirisha refu huifanya nguzo ndefu iwe fupi. Nguzo inayobaki huru nusu ya kimo chake huwa kakamavu, yaani ngumu kupindika, mara nane ya ilivyokuwa, kwa kuwa ukakamavu hupanda kwa kinyume cha kimo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Nguvu nayo hukimbilia penye ukakamavu. Nguzo hizo fupi ndizo hupasuka mshazari kwanza, kwa hiyo ndizo za kwanza kwenye orodha ya kukaguliwa.

Kusoma ufa

Ufa wa zamani una vumbi ndani, rangi iliyoingia ukingoni, pengine utando wa buibui. Kingo zake zimelainika. Ufa mpya una kingo kali, rangi ya zege ndani yake ni safi, na sakafuni chini yake kuna unga mweupe ambao mfagizi hajaupitia. Mwombeni mfagizi asipite hadi mkaguzi amalize. Unga huo ni ushahidi, na ndoo moja ya maji huufuta.

Kabla ya kupima, hakikisha unachopima ni zege. Lipu hupasuka kwa kukauka kwake, kwa jua, na kwa fundi aliyezidisha saruji. Bandua kipande cha sentimita 10 kwa 10 juu ya ufa na uone kama unaendelea chini yake. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na imewahi kuokoa nguzo nyingi zisihukumiwe bure, na kufichua chache zilizostahili kuhukumiwa.

Upana hupimwa kwa kuuvuka ufa kwa pembe mraba, kwa kadi ya plastiki yenye mistari ya unene tofauti: milimita 0.1, 0.2, 0.3 na kuendelea. Pima mahali penye upana zaidi, tia alama ya penseli pale ulipopima, kisha tia alama nyingine kila ncha ya ufa na tarehe kando yake. Ufa uliorefuka kupita alama ya ncha umeshasema unachotaka kujua, hata kama upana haujabadilika.

Kwenye zege lenye nondo, hadi karibu milimita 0.3 ni upana ambao wasanifu wenyewe huuruhusu katika matumizi ya kawaida. Kwenye kuta za matofali vipimo ni vilegevu zaidi: hadi milimita 1 ni jambo la kupaka rangi, hadi 5 ni la kuziba na kurekebisha milango inayokwama, kati ya 5 na 15 fundi huufungua na kuuziba ufa, pengine na kubadilisha matofali machache, kati ya 15 na 25 sehemu za ukuta hufumuliwa na kujengwa upya, na ukivuka 25 uthabiti wa ukuta wenyewe uko mashakani. Mizani hiyo ilitungwa kwa nyumba zinazozama taratibu, si kwa matetemeko. Ichukuliwe kama rula, isichukuliwe kama hukumu.

Na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Upana unaoupima baada ya tetemeko si upana uliokuwapo wakati wa mtikisiko. Nondo ambayo haijanyooshwa kupita uwezo wake hurudi kama mpira na kuuvuta ufa ufunge, na uzito wa ghorofa za juu husaidia kuubana. Ufa unaousoma leo kwa milimita 0.2 huenda jana ulikuwa wazi mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo sisi huangalia kwanza mwelekeo, idadi na mahali. Upana huja baadaye.

Mwelekeo huzungumza waziwazi. Mistari ya mlalo karibu na ncha ya juu au ya chini ya nguzo ni ya kupinda. Nguzo nyingi hustahimili hiyo zikiwa na ringi za kutosha, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo. Mstari wa mshazari katikati ya nguzo, au miwili inayokatana kama herufi X, ni wa nguvu ya kukata. Huo haubembelezwi: ondoa watu, kisha tegemeza. Bimu yenye nyufa nyembamba za wima katikati yake ni jambo la kawaida hata bila tetemeko, lakini ya mshazari karibu na nguzo si ya kawaida. Slabu iliyokaa moja kwa moja juu ya nguzo bila bimu, ikiwa na ufa unaoizunguka nguzo kama pete, inaelekea kutobolewa na nguzo yake. Kuvunjika kwa namna hiyo hakutoi onyo la pili.

Ufa wa wima unaoufuata urefu wa nondo, hasa wenye doa la kahawia, ni wa kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulisukuma zege nje. Tetemeko halikuuleta, ila litapitia hapohapo. Na ule mstari unaochora mpaka kati ya ukuta wa kujazia na fremu ya zege (nguzo na bimu zinazobeba jengo) huja mapema sana katika mtikisiko na peke yake hausemi kwamba fremu imeumia. Kinachotazamwa ni kama ukuta wenyewe umeanza kuinamia nje, kwa sababu ukuta wa namna hiyo huanguka mzima.

Ufa unaotiliwa shaka hufungiwa kipimo. Bonge la jipsamu lililopakwa kuvuka ufa na kuandikwa tarehe ni la bei ndogo na hujibu swali moja tu: umesogea au haujasogea. Vibao viwili vya plastiki angavu vinavyopandana, kimoja na msalaba na kingine na miraba ya milimita, huonyesha pia umesogea kuelekea wapi. Kwa usahihi zaidi bandika vichwa vitatu vya chuma kwa epoksi, viwili upande mmoja wa ufa na kimoja upande wa pili, vikifanya pembetatu, kisha pima umbali kati yao kwa kalipa ya vernia. Pembetatu hiyo hukupa kufunguka na kuteleza kwa pamoja, jambo ambalo vichwa viwili haviwezi.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Kibao kimebandikwa kwenye lipu, lipu ikabanduka. Epoksi imemwagika kuvuka ufa na kuunganisha vibao vyote viwili, kwa hiyo kipimo hakitasogea hadi kivunjike. Mchoraji amepita na brashi. Kabati limesukumwa mbele yake. Leo anasoma mtu mrefu, kesho mfupi, na msalaba unaonekana umehama kwa sababu ya pembe ya jicho tu. Mbaya kuliko yote ni joto. Zege hutanuka takriban sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo ukuta wa mita 20 ukipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka milimita 2, na nafasi hiyo huibwa au huongezwa penye ufa. Soma saa ileile ya siku, andika halijoto, na usitamke neno "unaendelea kufunguka" kabla ya kuona majira yote ya mwaka mmoja. Mwenye jengo atalalamika kuwa ni muda mrefu, na hakuna njia ya kuufupisha.

Timazi

Kwenye kisima cha ngazi au cha lifti, ambako upepo haufiki, ning'iniza timazi kwa waya mwembamba na utumbukize uzito wake ndani ya ndoo ya mafuta au maji ili uache kuyumba. Pima umbali kutoka waya hadi alama zilizochongwa ukutani kila ghorofa, pande mbili zinazokatana. Mashine za kisasa za wapima ardhi na vihisi vya mwinamo hufanya kazi hiyohiyo kwa wepesi, lakini waya na rula haviishiwi betri.

Ghorofa yenye kimo cha milimita 3,000 iliyobaki imeegemea milimita 15 imefikia nusu ya asilimia moja; hapo gharama ya kuirekebisha huanza kushindana na ya kujenga upya, na wakaaji huanza kuhisi kuwa sakafu haiko sawa. Milimita 30 ni asilimia moja, na hilo ni jambo zito. Hata hivyo, fundi naye huwa alikosea milimita kadhaa siku ya kujenga. Bila kipimo cha kabla, utamlaumu tetemeko kwa kosa la fundi.

Angalia pia umbo la mwegemeo. Jengo zima likiegemea kwa mstari mmoja ulionyooka toka chini hadi paa, tatizo liko kwenye udongo au msingi. Likiwa wima hadi ghorofa fulani kisha likakunjika hapo, nguzo za ghorofa hiyo ndizo zilizoumia. Matengenezo ya hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Vihisi, na pale vinapodanganya

Kihisi cha mchapuko hurekodi jinsi sakafu inavyosukumwa, kwa kawaida mara 100 au 200 kwa sekunde, katika pande tatu. Kimoja kwenye sakafu ya chini kabisa na kimoja juu ya paa ndicho kiwango cha chini chenye maana: bila cha chini hujui ardhi iliingiza nini, bila cha juu hujui jengo lilijibu nini. Cha katikati husaidia. Lakini fedha zikitosha kuongeza kimoja tu, kiweke paani kwenye ncha ya pili ya jengo, kikitazama upande uleule na mwenzake. Vikitofautiana, jengo linajisokota, na kujisokota huua nguzo za pembeni.

Kila jengo lina mdundo wake. Kwa makadirio ya haraka, mdundo mmoja wa jengo la fremu huchukua sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, kwa hiyo la ghorofa kumi huenda na kurudi kwa sekunde moja hivi. Tarehe 19 Septemba 1985 Mexico City ilionyesha kwa nini namba hiyo si ya mitihani tu. Tetemeko lilikuwa pwani ya Pasifiki, mamia ya kilomita kutoka mjini, lakini udongo laini wa ziwa la kale ulicheza kwa mdundo wa karibu sekunde mbili, na majengo ya kimo cha kati, ya takriban ghorofa 6 hadi 15, ndiyo yaliyoangamia zaidi. Yalipoanza kuumia mdundo wao ulirefuka na kuusogelea ule wa udongo. Nyumba nyingi fupi za jirani zilibaki.

Mdundo huo hupimwa hata bila tetemeko, kwa mitikisiko midogo ya upepo na magari. Acha kihisi chenye usikivu wa kutosha kirekodi angalau mizunguko elfu moja, yaani kama dakika 17 kwa jengo la sekunde moja. Sisi hupenda nusu saa. Kihisi cha simu hakifai kwa kazi hii, kwani kelele zake zenyewe huzidi mtikisiko unaotafutwa. Kwa tetemeko lenye nguvu kinaweza kusaidia, kikiwa kimefungwa imara.

Mdundo ukipungua kasi baada ya tetemeko, ukakamavu umepotea, na hesabu yake ni ya mraba: kutoka hertzi 2.0 (midundo miwili kwa sekunde) hadi 1.8 ni upungufu wa asilimia 10 kwa mdundo, lakini asilimia 19 kwa ukakamavu. Msikimbilie hukumu. Kuta za kugawa vyumba nazo huchangia ukakamavu, na zikipasuka mdundo hushuka ilhali fremu ni nzima. Maktaba ya Millikan ya chuo cha Caltech, jengo la ghorofa tisa huko Pasadena, California, lililofuatiliwa tangu miaka ya 1960, ilipoteza sehemu kubwa ya kasi ya mdundo wake wa awali kupitia matetemeko kadhaa, hasa lile la San Fernando la 1971, na bado ikaendelea kutumika. Vilevile mdundo wake hupanda na kushuka kwa mvua, upepo na joto. Linganisha utulivu wa kabla na utulivu wa baada, katika hali ya hewa inayofanana. Wakati wa mtikisiko wenyewe mdundo hulegea kisha hurudi, kwa hiyo namba ya katikati ya tetemeko isiwekwe kando ya namba ya siku tulivu.

Rekodi nzuri inalipa. Jengo la huduma za kaunti ya Imperial, ghorofa sita za zege huko El Centro, California, lilikuwa na vihisi vikifanya kazi tarehe 15 Oktoba 1979 nguzo zake za chini upande wa mashariki zilipopondeka. Kuta zake za kukinga mtikisiko hazikushuka sawasawa hadi chini, na rekodi zile ziliwawezesha wahandisi kufuata tukio sekunde kwa sekunde. Jengo lilibomolewa baadaye.

Vihisi vingi, hata hivyo, hushindwa kwa mambo madogo. Betri ya akiba ilikufa miaka miwili iliyopita na umeme wa mji hukatika sekunde za kwanza za tetemeko. Saa za vihisi viwili zimeachana, kwa hiyo rekodi za paa na za chini haziwezi kuwekwa pamoja. Kila kimoja kipokee saa ya setilaiti au vyote viunganishwe na saa moja. Kihisi kimefungwa juu ya sakafu ya kuinuliwa ya chumba cha kompyuta, nacho kinarekodi sakafu hiyo inavyodunda. Kimefungwa karibu na mashine ya lifti na kumbukumbu imejaa mitikisiko ya lifti. Mshale wa kaskazini kwenye kasha unatazama mashariki na hakuna aliyeandika. Boliti moja, zege tupu, sehemu ya pembeni isiyopitwa na watu, na jaribio la kila miezi mitatu la kugonga sakafu kwa kisigino na kuona kama alama inatokea: hayo tu huondoa nusu ya matatizo.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kugeuza mchapuko kuwa umbali kwa kujumlisha mara mbili hukuza kila kosa dogo, na wataalamu hulichuja kosa hilo pamoja na mwendo wa polepole. Matokeo yake ni kwamba mwegemeo wa kudumu hauonekani kwenye rekodi ya mchapuko. Kwa huo rudi kwenye timazi.

Yaliyo ndani

Nyundo ya kurudisha mdundo, inayopima ugumu wa uso wa zege kwa jinsi inavyoruka ikiligonga, hupendwa kwa sababu inatoa namba papo hapo, na ndiyo sababu inatumiwa vibaya. Iangalie kwanza juu ya fuawe lake la chuma, ambako nyundo ya kawaida husoma takriban 80. Bandua lipu, sugua zege kwa jiwe, piga mara 10 ukiacha angalau milimita 25 kati ya pigo na pigo, tupa masomo yanayoachana na wastani kwa zaidi ya 6, na andika kama ulipiga kwa mlalo, kuelekea juu au chini. Zege kuukuu ambalo hewa ya kaboni imelipenya huwa gumu usoni, hivyo nyundo hulisifia kupita kiasi. Itumie kulinganisha nguzo na nguzo. Nguzo dhaifu kuliko wenzake ikionekana, hapo ndipo pa kutoboa sampuli za mviringo za milimita 100 kwa ajili ya maabara, baada ya kutafuta nondo kwa kifaa cha sumaku ili msizikate.

Mwendo wa sauti ndani ya zege hulinganika vizuri kabla na baada. Nguzo ya milimita 400 yenye zege zuri hupitwa kwa mikrosekunde 100 hivi, yaani kilomita 4 kwa sekunde. Ikisoma 125 baada ya tetemeko, ni kilomita 3.2, na sauti imezunguka kitu fulani ndani. Chini ya kilomita 3 zege lina mashaka. Sharti ni kupima alama zilezile, na kukumbuka kuwa zege lililoloa hupitisha sauti haraka zaidi.

Ringi ndizo zinazoamua kama nguzo itapondeka au itashika. Kifaa cha sumaku kitakuonyesha zimeachana kiasi gani. Karibu na maungio tunatarajia zisizidi sentimita 10 hadi 15. Lakini hakionyeshi ncha zake. Ncha iliyokunjwa kwa nyuzi 90 hufunguka mara zege la juu linapobanduka, na ya nyuzi 135 iliyozama ndani ya kiini cha nguzo hubaki. Fungua dirisha dogo kwenye nguzo moja au mbili, tazama kwa macho, kisha ziba.

Majengo ya chuma yana hila yake. Baada ya tetemeko la Northridge, California, la tarehe 17 Januari 1994, majengo mengi ya fremu za chuma yalionekana mazima, lakini yalipobanduliwa vifuniko vya kukinga moto viungo vya kulehemu kati ya bimu na nguzo vilikutwa vimepasuka. Kwa majengo hayo jalada liorodheshe viungo vitakavyofunguliwa, wala lisitegemee nyufa za kuta.

Baada ya mtikisiko

Zunguka jengo lote kwa nje kwanza, mbali na kuta kwa angalau nusu ya kimo chake pale nafasi inaporuhusu. Angalia paa, kuta za ukingoni juu, matangi, vigae na vioo, kisha jengo la jirani, kwa maana la kwako linaweza kuwa zima na likaangukiwa. Ukisikia harufu ya gesi au ukaona ghorofa imekunjika, ukaguzi umeishia nje. Mkiingia muwe wawili au zaidi, wa tatu abaki nje akijua mko ghorofa ipi. Anzeni chini.

Utaratibu wa vibandiko vya kijani, njano na nyekundu, uliotolewa Marekani mwaka 1989 na kuigwa kwingi, hutumia ukaguzi wa haraka wa kama nusu saa kwa jengo. Kijani maana yake ni kwamba hatari ya wazi haikuonekana. Hakisemi jengo lina nguvu. Huko Christchurch, New Zealand, jengo la CTV lilipata kijani baada ya tetemeko la ukubwa wa 7.1 la Septemba 2010. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko dogo kwa ukubwa lakini la karibu zaidi na mji liliangusha jengo hilo, wakafa watu 115. Ulegevu wake ulikuwa wa tangu kusanifiwa, na jicho linalotafuta madhara mapya halina namna ya kuuona.

Mitikisiko inayofuata nayo haina adabu. Nepal ilipigwa 7.8 tarehe 25 Aprili 2015 na 7.3 tarehe 12 Mei. Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, ilipigwa 7.8 alfajiri na 7.5 mchana wa siku hiyohiyo, saa tisa tu baadaye. Kila mtikisiko wenye nguvu hufuta ukaguzi uliotangulia, kwa hiyo vipimaufa husomwa upya, alama za penseli huangaliwa upya, na kibandiko hubadilishwa hata kama rangi inabaki ileile. Juu yake andika tarehe na saa, pamoja na sehemu ambazo hamkuziingia. Kibandiko cha kijani kisicho na saa hakimwambii anayefika mlangoni kama jengo lilikaguliwa kabla ya mtikisiko wa alfajiri au baada yake.